JE, SAMAKI WA BWAWANI HUJITAFUTIA CHAKULA CHA KUTOSHA?

Ndugu mkulima, huenda umepata kuingia katika bustani ya hoteli, Nyeri mjini au Nanyuki, ukaona kidimbwi cha simiti chenye samaki wekundu kama chungwa lililoiva. Hao ndio samaki wa dhahabu. Huenda pia ulimwuliza mtunza bustani, "Hawa mnawalisha nini?" naye akakujibu kwamba hawalishwi kitu, wanajitafutia wenyewe humo majini. Basi ukarudi nyumbani ukiwaza: ikiwa hawa hukaa bila kulishwa na bado wananawiri, kwa nini mimi ninunue chakula cha tilapia wangu kila mwezi, na bei yenyewe haishikiki?

Swali hilo si la kipuuzi. Tena ni swali la fedha. Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010 Serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa mita 300 za mraba, na wakulima wakapewa vifaranga vya samaki vya kuanzia. Wakulima wa mlima huu hawakuachwa nyuma, hata kiwanda kidogo cha kutayarisha samaki kikajengwa Wamagana, katika Tetu. Lakini ukipita leo katika mashamba utaona mabwawa mengi yamegeuka makao ya vyura. Ukimwuliza mwenyewe sababu, mara nyingi atakuambia jambo moja: chakula kilikuwa ghali, akaacha kulisha, na samaki hawakukua. Aliamini watajitafutia.

Je, aliamini uwongo? La. Aliamini nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo iliyomtia hasara. Na tuitazame nusu ile nyingine.

KILICHOMO NDANI YA MAJI

Maji ya bwawa lililokaa vizuri si maji matupu. Mna mwani mdogo mdogo sana usioonekana mmoja mmoja kwa macho, ila ukiwa mwingi huyapa maji rangi ya kijani. Mwani huo huishi kwa mwanga wa jua na mbolea iliyoyeyuka majini, sawasawa na majani ya malisho yako. Halafu mna vidudu vidogo vinavyoula mwani huo, vingine huruka-ruka majini kama viroboto. Chini katika tope mna minyoo, mna funza wa wadudu, mna konokono. Juu ya maji huelea viluwiluwi vya mbu. Yote hayo ni chakula cha samaki, na hakuna duka linalokuuzia.

Basi wewe uliyezoea ng'ombe utaelewa upesi. Bwawa ni malisho. Mwani ni majani yake. Je, ekari moja ya majani hulisha ng'ombe wangapi? Hutaweza kujibu mpaka ujue majani yenyewe yakoje, yametiwa mbolea au la, mvua imenyesha au la, na ng'ombe wenyewe ni wa aina gani. Na hakuna mkulima mwenye akili atakayetia ng'ombe 20 katika ekari moja kisha aseme, "Nyasi hazilishi ng'ombe." Lakini katika samaki tunafanya hivyo hivyo kila siku, kwa sababu samaki hawaonekani mbavu.

Kila samaki ana desturi yake ya kula. Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, naye ni wa ukoo wa kapi, wale samaki wakubwa wenye magamba wanaovuliwa katika bwawa la Masinga. Yeye hula karibu kila kitu: funza wa mbu, minyoo, majani laini, mwani, hata mayai na vitoto vyake mwenyewe. Hana tumbo la kuweka akiba kama letu; chakula hupita moja kwa moja katika utumbo, kwa hiyo siku nzima yuko katika kudonoa-donoa kidogo kidogo, akifukua tope kama kuku afukuavyo takataka. Pia huvumilia baridi kupita samaki wengi. Katika nchi za baridi huishi chini ya barafu, na wakati huo hali karibu kitu. Ndiyo maana baridi ya Nyeri ya mwezi wa Julai haimsumbui.

Tilapia ni mwingine. Huyu ana tumbo lenye ukali mwingi kama ndimu, tena kupita ndimu, nalo huweza kuvunja mwani ambao samaki wengi hawawezi kuusaga. Kwa hiyo maji ya kijani kwake ni uji. Kwa kula mwani, tilapia anamshinda samaki wa dhahabu kwa mbali. Shida yake ni baridi, nami nitarudi huko.

Trauti wa mito yetu si wa kuhesabiwa hapa. Mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905 na Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura, na baadaye Kiganjo pakawa na kituo cha kuzalisha vifaranga vyao. Trauti hula wadudu na viumbe vingine vyenye nyama. Maji ya kijani hayamfai hata kidogo, yeye hutaka maji ya baridi, safi na yanayokwenda mbio. Nataja habari hii kwa kuwa wakulima wengi waliona mabwawa ya trauti yenye maji yanayopita mchana kutwa, wakadhani kila samaki hutaka hivyo. Kosa hilo nitalieleza mbele.

HESABU YA BWAWA LAKO

Sasa chukua kalamu. Bwawa la udongo lisilotiwa mbolea wala chakula, katika nchi za joto, hutoa samaki kati ya kilo 100 na 500 kwa hekta moja kwa mwaka. Bwawa lako la mita 300 za mraba ni sehemu ndogo sana ya hekta, kwa hiyo ni kama kilo 3 hadi 15. Tuseme bwawa lako ni zuri, linatoa kilo 10.

Umetia vifaranga 1,000, maana ndivyo wengi walivyotia. Gawanya kilo 10 kwa samaki 1,000. Kila mmoja amepata gramu 10 tu. Huo ni uzito wa vijiko viwili vidogo vya sukari! Baada ya mwaka mzima unatoa samaki wa urefu wa kidole, mke wako anakutazama, watoto wanacheka, na jirani anasema alijua tangu mwanzo kwamba sisi watu wa milimani hatukuumbiwa samaki.

Sasa tia samadi. Bwawa lililotiwa mbolea vizuri hutoa kilo 1,000 hadi 3,000 kwa hekta kwa mwaka, yaani kilo 30 hadi 90 katika bwawa lako. Tuseme 60. Ukigawanya kwa samaki 1,000, kila mmoja ana gramu 60. Bado ni mdogo, hafai soko. Lakini kama ulitia samaki 300 tu, kila mmoja ana gramu 200, naye ni samaki wa sahani, hata soko la Karatina litamkubali.

Umeona? Chakula ni kile kile, bwawa ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi ya midomo. Mkulima asiye na fedha za kununua chakula na aseme hivi: nitatia samaki mmoja kwa kila mita ya mraba, nami nitatia samadi. Mwenye fedha za chakula kizuri anaweza kutia wawili au watatu kwa mita, na lazima aendelee kulisha mpaka mwisho. Linaloua ni kutia wengi kama mwenye fedha kisha kulisha kama asiye nazo.

Rudi sasa kwenye kidimbwi cha hoteli. Tuseme ni mita 3 kwa 2, yaani mita 6 za mraba. Kwa hesabu ile ile, hakiwezi kuongeza zaidi ya gramu 60 hadi 300 za samaki kwa mwaka mzima. Samaki wa dhahabu 4 au 5 wataishi humo bila taabu, kama kidimbwi kina umri, kina tope chini na mimea ya maji pembeni. Nao watakua pole pole, na hilo halimuudhi mtu, kwa sababu hakuna anayewauza kwa kilo. Tena wageni huwatupia mkate, jambo ambalo mtunza bustani hulisahau anapokujibu. Lakini tia samaki 30 katika kidimbwi kipya cha simiti, maji maangavu kama kioo, chini hakuna tope: hao wasipolishwa watakonda vichwa vionekane vikubwa kuliko miili. Maji maangavu ni mazuri kwa macho ya mtazamaji tu.

JINSI YA KUYAFANYA MAJI YAWE KIJANI

Jambo la kwanza ni chokaa. Udongo wetu mwekundu wa mlimani una uchachu, nawe walijua hilo tangu ulipopima shamba la viazi. Katika maji yenye uchachu mbolea haifanyi kazi vizuri. Bwawa likiwa kavu, nyunyiza chokaa ya shamba kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, chini na kwenye kingo.

Jambo la pili ni samadi, na hapo mkulima wa skimu ni tajiri. Una ng'ombe wa gredi zizini. Kila asubuhi unasukuma mkokoteni wa samadi. Bwawa la mita 300 linataka kama kilo 15 za samadi kavu kwa juma, yaani madebe mawili hivi. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, nayo ni nzuri mno. Usiimwage katikati. Jenga kizizi kidogo cha fito katika pembe moja ya bwawa, tia samadi humo, na uikoroge kwa mti kila baada ya siku moja au mbili. Ngoja siku 7 hadi 10 kabla ya kutia vifaranga, ili wakute meza imeandaliwa.

Utajuaje kwamba yametosha? Huhitaji chombo. Kunja mkono wa shati, simama ukingoni, zamisha mkono ulionyoka na kiganja kikitazama juu. Maji yakifika kwenye kiwiko na ndipo kiganja kinapotea machoni, kijani kimetosha. Ukiona kiganja bado, ongeza samadi. Kikipotea kabla ya maji kufika nusu ya mkono, acha samadi juma zima. Lakini angalia, rangi iwe ya kijani. Katika sehemu nyingine za Kieni maji ya mfereji huja na udongo. Kiganja kitapotea kwa sababu ya matope, na matope hayalishi samaki, yanazuia jua tu. Vivyo hivyo magugu yanayofunika uso wa maji. Yatoe, mpe ng'ombe.

Sasa lile kosa la maji ya kupita. Mkulima anachepusha mfereji, anauingiza bwawani upande huu, unatokea upande ule, usiku na mchana. Anafurahi kusikia maji yanalia. Ndugu, hayo maji yanayotoka yamebeba samadi yako yote na mwani wako wote, unailisha mto! Tena maji ya mlima huja na baridi. Bwawa la tilapia lijazwe, kisha mfereji ufungwe. Fungua tu kurudishia kilichokauka na kilichonywewa na ardhi.

Kuna hatari moja ya kuangaliwa. Mwani hutoa hewa mchana kwa nguvu za jua, lakini usiku nao huvuta hewa ile ile pamoja na samaki. Bwawa likizidi kijani, au samadi ikizidi, alfajiri hewa huwa imekwisha. Utaona samaki wote wako juu wanapumua kwa midomo wazi. Wengine husema, "Wana njaa," wakatupa chakula. Usitupe! Fungua maji mapya mara moja, na uache samadi na chakula mpaka watulie.

HABARI YA BARIDI

Kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na hata leo, chini ya taasisi ya KMFRI, ndipo wakulima wengi wa mlima wanapoelekea wakitaka vifaranga na maarifa. Lakini kumbuka Sagana iko chini, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Nyeri mjini ni kama mita 1,750, na Naro Moru inakaribia 2,000. Mambo yanayofaulu Sagana kwa miezi sita au minane hayatafaulu kwako kwa muda huo huo.

Tilapia hula vizuri na kukua vizuri maji yakiwa na joto la digrii 25 hadi 30. Chini ya 20 anajikokota. Yakikaribia 15 anaacha kula kabisa, hata umwekee meza ya arusi. Kwa hiyo mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya Kieni toka asubuhi hadi jioni, chakula unachotupa bwawani saa moja ya asubuhi huzama na kuoza. Nunua kipimajoto, bei yake si kubwa. Pima alfajiri, pima saa nane ya mchana, andika katika daftari mwezi mzima. Daftari hilo litakuambia kama shamba lako ni la tilapia au si lake, na ni afadhali likuambie kabla hujachimba. Kata miti inayotia bwawa kivuli. Kila saa ya jua ni chakula mara mbili, kwa mwani na kwa joto.

Mwenye shamba la juu sana asilazimishe. Kama ana maji baridi, safi na mengi yasiyokatika, na awatazame wanaofuga trauti, ijapokuwa hiyo ni kazi ya fedha, maana trauti lazima anunuliwe chakula chenye nguvu toka siku ya kwanza. Hapo hakuna habari ya kujitafutia.

KUSAIDIA KIDOGO

Tuseme sasa maji ni ya kijani, joto linatosha, na samaki ni wawili kwa mita. Miezi miwili ya kwanza watakwenda vizuri, kwa kuwa ni wadogo na malisho ni mapana. Baadaye utaona wamesimama. Hapo ndipo malisho yamefika mwisho wake, na kila kilo unayoitaka zaidi ni lazima itoke mkononi mwako. Ndiyo maana nasema usianze kununua chakula kingi siku ya kwanza. Fedha hizo zitakufaa mwishoni.

Pumba ya mchele kutoka Mwea na pumba ya ngano ni msaada mzuri katika maji ya kijani, kwa kuwa pumba huleta nguvu, na mwani na vidudu huleta ile sehemu ya kujenga mwili. Katika maji maangavu pumba peke yake haifai kitu. Ukiweza, changanya na omena waliosagwa. Chakula kilichotengenezwa vizuri, kilo moja na nusu hadi mbili huleta kilo moja ya samaki; basi piga hesabu ya bei ya mfuko na bei ya samaki sokoni kwenu kabla hujafungua mkoba. Lisha mahali pamoja, jua likiwa limepanda, kisha simama utazame. Kikibaki chakula juu ya maji baada ya dakika 20, kesho punguza.

Na kuna adui ambaye hulishi kwa kupenda. Tilapia huzaa sana, na mama hubeba mayai na vitoto kinywani mwake mpaka wapate nguvu, kwa hiyo wengi hupona. Ulitia 300, baada ya miezi michache wako maelfu, na hesabu yetu yote imeharibika. Dawa ni kununua vifaranga madume watupu, au kutia kambale wachache, tilapia wakishakuwa wakubwa kidogo, ili kambale wale vitoto. Kila asubuhi pia tazama kingo. Mdiria juu ya fito, au alama za fisi maji kwenye tope, ni midomo mingine mezani.

Nimalize kwa wale watakaouliza juu ya samaki wa dhahabu nyumbani. Watu wengi huwatia watatu au wanne katika tangi la maji ya ng'ombe au la kunyunyizia mboga, wale viluwiluwi vya mbu. Ni jambo jema, nao watakula viluwiluwi upesi kuliko unavyodhani. Ila viluwiluwi vikiisha, tangi la simiti halina kingine. Watupie pumba kidogo, kiasi cha ncha za vidole, mara mbili au tatu kwa juma. Na siku ukichoka nao usiwamwage katika Chania wala Thego. Hufukua tope, hula mayai ya samaki wengine, na mto hauna mlango wa kuwafungia. Mpe jirani mwenye tangi.